Mwanafunzi Wetu na Dunia



Wako wenzetu wanaouliza: shule zetu hazina madawati ya kutosha, mambo ya mataifa mengine yatatusaidia nini? Swali hilo tusilipuuze. Jibu lake tunalo hapa hapa nyumbani, huko Mazimbu, Morogoro.

Mwaka 1953 Makaburu walitunga sheria ya elimu ili mtoto mweusi afundishwe utumishi tu. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kukataa kusomeshwa kwa Kiafrikana, wakapigwa risasi. Wengi walikimbia nchi yao. Sisi hatukuwa matajiri, lakini mwaka 1977 serikali yetu iliwapa wapigania uhuru wa A.N.C. shamba la mkonge la zamani pale Mazimbu. Wakajenga shule, wakaiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa miaka 22 aliyenyongwa Pretoria mwaka 1979. Pale kijana alishika kalamu, na jembe pia. Walimu walitoka Afrika Kusini na ng'ambo. Watu wa Morogoro walifanya kazi nao, wakazikana nao.

Mwaka 1992 wageni wetu walitukabidhi majengo yale. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na watoto wetu wanasoma humo. Basi mnaona, ndugu zetu: tulimpa mgeni ardhi, naye ametuachia madawati.

Raia wa dunia siye yule anayeringa kwa lugha za kigeni na kudharau kwao. Ni yule anayejua kwamba dhuluma anayotendewa jirani yamhusu na yeye. Lakini somo hili lisipofundishwa hufa. Mwaka 2008, huko huko Afrika Kusini, Waafrika waliwafukuza na kuwaua Waafrika wenzao waliokwenda kutafuta riziki. Tusiwacheke. Nasi tukinyamaza, mtoto wetu atasoma katika majengo ya Mazimbu asijue Mahlangu alikuwa nani.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Walimu, wapelekeni watoto wakayaone makaburi ya Mazimbu. Wazee mlioishi na wageni wale, simulieni mngali hai. Wazazi, msimkataze mtoto kucheza na mtoto wa mkimbizi. Madarasa ya uraia wa dunia yanaanzia mlangoni petu.

Uhuru na Umoja!