Taka Zetu na Mizani Iwe Yetu
(Hotuba kwa wanachama wa tawi, Dar es Salaam)

Ndugu wanachama,

Leo tunasema juu ya taka, na asicheke mtu. Mitaro ikiziba, mvua huleta maji machafu mpaka vyumbani mwetu. Kipindupindu kilichozuka jijini humu Agosti 2015 hatujakisahau.

Mwaka 1988 ndugu zetu wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu, kwa sababu ya jaa lililowajazia moshi na uvundo majumbani. Walishinda. Lakini taka zikahamishiwa Vingunguti, kwa wanyonge wengine, na siku hizi zinakwenda Pugu Kinyamwezi. Kila mara mzigo humwangukia maskini.

Sasa tazameni kilichomo. Zaidi ya nusu ya taka za mji huu ni maganda, majani na mabaki ya chakula, yaani mbolea. Chupa za plastiki, makaratasi na vyuma chakavu vina wanunuzi. Tukitenga mbichi na kavu tangu nyumbani, kitakachobaki cha kutupwa ni kidogo.

Ni nani wafanyao kazi hii? Ni vijana na akina mama wenye mikokoteni, wapitao vichochoro ambamo lori haliingii. Huokota kwa mikono mitupu, kisha kila mmoja huenda peke yake kwa mnunuzi. Mizani ni ya mnunuzi, na bei ni ya mnunuzi. Letu ni jasho tu. Huo ni unyonyaji, hata kama mnunuzi ni jirani yetu.

Tangu 1994 Jiji lilianza kukabidhi uzoaji kwa kampuni, na baadaye hata vikundi vya wakazi vikapewa mitaa. Basi njia ipo, ila kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo twataka kila mtaa uwe na ushirika wa wazoa taka, wenye mizani yake, banda lake, na daftari linalosomwa mbele ya wote; mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye nyumba walipe ada bila kukimbizana. Nayo Halmashauri isimpe mgeni kazi ya mtaa kabla ya kuwasikiliza walioifanya miaka yote.

Ndugu zetu, anayetusafishia mji astahili malipo ya haki. Tuanze kuandikishana leo hii, kabla hatujatawanyika.

Umoja ni nguvu!