Nani Mwajiri Mtoni?



Katika warsha moja, mwanasheria ninayemheshimu alitueleza kwamba vijana wanaopakia mchanga hawana haki ya usalama kazini ya kudai, kwa kuwa mtoni hakuna mwajiri. Kila mmoja huja na sepetu yake, alisema, na ukumbi mzima ukaitikia. Historia ya sheria zetu za kazi mnaijua, naiacha. Nina ugomvi na kauli hiyo tu.

Mchanga wa mito ya Thwake, Kaiti au Tiva, huku Makueni na Kitui, haujipakii. Mwenye shamba la ukingoni hutoza kila lori linaloingia. Dalali hupanga zamu na bei. Mwenye lori hulipa kundi kwa kila shehena. Pesa zikigawanywa, wote watatu wapo. Ukingo uliochimbwa chini ukimporomokea kijana, wote watatu wanageuka wapita njia.

Sasa tukisome kifungu cha 3 cha Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya 2007, ninachokipenda kuliko vingine vyote katika sheria zetu. Kinaifanya sheria hiyo ihusu kila mahali pa kazi ambapo mtu yeyote yuko kazini, kwa muda au kwa kudumu. Tazameni kilivyo kikarimu! Hakiulizi barua ya ajira. Hakitaji paa, geti wala saa ya kuingia. Mtu yeyote, kinasema, na aliyekiandika angeweza kabisa kusema mwajiriwa. Wajibu nao umewekwa juu ya anayeshikilia mahali pa kazi, awe mmiliki au la. Waliojiajiri pia wametajwa. Basi sepetu ya mtu haimwondoi mwenye shamba lawamani.

Hoja ya mwenzangu ina nguvu mahali pamoja, nako ni kwenye fidia. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo Mahakama ya Juu iliitetea Desemba 2019, hutaka mkataba wa utumishi ndipo itoe mapato ya miezi 96 kwa kifo au ulemavu kamili wa kudumu. Hilo nalikubali. Ila Sheria ya Ajira inautambua mkataba wa mdomo, na mwenye lori anayewapigia simu vijana walewale kila wiki atapata taabu kueleza kwamba hawajuani.

Nikiwa mwanafunzi nilipakia mchanga wakati wa likizo ili nipate karo. Kundini tulikuwa na mzee ambaye kila asubuhi aliugonga ukingo kwa mpini wa sururu, akasikiliza. Akisema tokeni, tulitoka, lori lingoje lisingoje. Hakuna aliyemdai cheti.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini hutaka kamati ya usalama panapofanya kazi watu 20 au zaidi. Makundi mengi ya mtoni hayafiki idadi hiyo. Yanahamahama, na wakaguzi ni wachache. Nimeyapima hayo yote na bado nashikilia langu: mwethya, ule ushirika wetu wa kusaidiana kazi, uliotuchimbia matuta na kujenga mabwawa ya mchanga, unaweza kulichagulia kila kundi mlinzi wa ukingo kama mzee yule, mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi, hata wakiwa watu watano.

 

Makueni ilipotunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, tulibishana sana juu ya maji ya mto na kidogo mno juu ya mtu aliye shimoni. Nawaomba waheshimiwa wa mabunge ya kaunti za Kitui na Makueni: kibali cha kuvuna mchanga kisitolewe pasipo jina la mwenye dhamana ya ukingo, na jina hilo liandikwe kwenye risiti ya kila lori.