Jiwe Linalokataa Maji

Mwalimu wa kila darasa ameweka mezani kisahani kilichopakwa mafuta kidogo, maji na kipande cha sabuni. Dondosheni tone la maji juu ya kisahani. Tazameni: limejikunja kama shanga, halitaki kutandaa. Sasa koroga sabuni katika maji, bwana uliye karibu, udondoshe tena. Safari hii tone limetandaa. Kisahani ni kile kile. Kilichobadilika ni mapatano kati yake na maji.

Watu wengi hudhani kwamba mafuta ya petroli hukaa chini ya ardhi kama ziwa ndani ya pango. Sivyo. Hukaa ndani ya jiwe, katika vitundu vidogo mno, kama maji yakaavyo ndani ya udongo wa mtungi uliolowa. Kisima kikichimbwa, mafuta kidogo hutoka kwa msukumo wa huko chini. Msukumo ukipungua, maji huingizwa kwa pampu ili yasukume yaliyobaki. Hata hivyo, mara nyingi zaidi ya nusu ya mafuta hubaki pale pale.

Sababu moja ni jiwe lenyewe. Jiwe lipendalo maji huyanyonya kama utambi unyonyavyo mafuta ya taa, na maji yakiingia, mafuta hutoka. Lakini mawe mengi ya jamii ya chokaa yamekaa na mafuta kwa mamilioni ya miaka, na asidi zilizomo katika mafuta zimegandama kwenye kuta za vitundu. Jiwe limekuwa kama kisahani chenu. Na likiwa na nyufa, maji hukimbilia humo, yakayapita mafuta bila kuyagusa.

Ndivyo ilivyo huko Yates, katika jimbo la Texas, Marekani. Mafuta yaligunduliwa hapo mwaka 1926, ndani ya dolomaiti, ambayo ni ndugu wa chokaa, yenye nyufa nyingi. Katika miaka ya 1990 wataalamu walitia visimani maji yenye dawa kidogo ya jamii ya sabuni, iitwayo safaktanti, wakafunga visima kwa muda, kisha wakavifungua. Katika baadhi yake mafuta yaliongezeka.

Kila chembe ya dawa hiyo ina kichwa kipendacho maji na mkia upendao mafuta. Aina fulani hushikana na zile asidi na kuzibandua ukutani. Hapo jiwe huanza kunywa maji lenyewe.

Mtu atasema: basi, itiwe sabuni kali kupita zote! La. Unyonyaji huo huhitaji mvutano uliopo kati ya maji na mafuta. Sabuni ikiuua mvutano wote, utambi hauvuti tena. Kisha dawa ni ghali, na sehemu yake hunaswa na jiwe njiani. Tena, wasikilizaji wa pwani wanajua jinsi sabuni inavyokataa kutoa povu katika maji ya bahari. Na maji ya chini huko mara nyingi yana chumvi kuliko bahari. Kwa hiyo dawa hujaribiwa kwanza juu ya kipande cha jiwe la kisima chenyewe. Kwangu mimi, kazi ngumu iko hapo, kabla ya pampu kuwashwa.

Kabla ya kipindi kijacho, kila mmoja aandike sentensi tatu kueleza kwa nini tone la kwanza lilijikunja na la pili likatandaa. Msinakili maneno yangu, andikeni yenu. Kwaherini.