Neno "kama" na jirani yako



Leo tuzungumze juu ya tashbihi, yaani kufananisha kitu na kingine kwa neno "kama". Tunasema: mtoto huyu ni mpole kama kondoo. Tunasifu tabia yake moja. Yeye anabaki mtoto.

Lakini mtu akisema, "Kabila lile ni kama nyoka," amefunga watu wote katika neno moja. Kesho neno "kama" linaanguka: "Ni nyoka." Na nyoka hupigwa. Kwa jirani zetu Rwanda, mwaka 1994, redio RTLM iliwaita Watutsi "inyenzi", yaani mende, huku watu wakiuawa. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu waanzilishi wawili wa redio hiyo. Maneno nayo hufikishwa mbele ya sheria.

Basi, ukisikia "kama" ya namna hiyo kambini, uliza: Nani hasa? Alifanya nini? Ulimwona mwenyewe? Machifu, ulizeni hivyo barazani kabla hasira haijapanda.