Tusichelewe: Homa ya Uti wa Mgongo kwa Watoto Wetu

Himidi zote ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu (s.a.w.). Ama baad:

Ndugu Waislamu wa Igurwa, hujaji haingii Saudia bila chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Sharti hilo lilikuja baada ya maradhi hayo kuzuka katika Hija ya mwaka 1987. Tunamkinga aendaye Makka. Je, mtoto aliye mgongoni mwa mamaye?

Maradhi haya huvimbisha utando unaozunguka ubongo na uti wa mgongo, nayo yaweza kuua ndani ya saa 24. Mtoto mchanga hawezi kusema shingo yamuuma. Basi tutazame: homa, kukataa kunyonya, kilio kisichobembelezeka, kusinzia mno, kutapika, utosi kuvimba, degedege. Mtoto mkubwa huumwa kichwa, hukakamaa shingo na huchukia mwanga. Vipele visivyofifia vikibonyezwa ni hatari kubwa.

Degedege likitokea, tusiseme ni jini tukangoja alfajiri. Tumsomee Qur'ani tukiwa njiani kuelekea hospitali, kwani Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kutafuta dawa.

Kinga ipo kliniki: BCG azaliwapo, kisha wiki ya 6, 10 na 14, chanjo ya pentavalenti, yenye kinga ya Hib tangu mwaka 2009, pamoja na ya nimonia. Hazizuii kila aina ya maradhi haya. Hivyo hata aliyechanjwa, tukiona dalili, tumkimbize.

Watoto ni amana, nasi tutaulizwa. Wabillahi tawfiq.