Yupo, Kipo, Upo: Kufundisha "iru" na "aru" kwa Kiswahili Jijini Nairobi



Kila Desemba wanafunzi wetu hufanya hapa Nairobi ule mtihani wa Kijapani wenye ngazi tano, N5 hadi N1. Katika kuwaandaa nakutana na makosa yaleyale mwaka baada ya mwaka, na naamini mengi tunayapanda sisi walimu. Vitabu vyetu hufafanua maneno kwa Kiingereza, nasi twafuata, ilhali kijana wa Kangemi au Kawangware ana lugha nyingine iliyo karibu zaidi na jambo lenyewe.

Tazama "aru" na "iru". Yote mawili husema kitu kipo. Mwanafunzi wangu mmoja pale Westlands aliandika "inu ga aru", mbwa yupo, akakosa. Sikumpa kanuni. Nilimwomba ayaseme kwa Kiswahili alichofundishwa shuleni. Mbwa? Yupo. Kiti? Kipo. Mti? Upo. Akanyamaza, kisha akafuta "aru" mwenyewe. Ngeli ya A-WA ilikuwa imekwisha kumfundisha nusu ya somo tangu shule ya msingi. Hata mti, ambao una uhai, lugha zote mbili huuweka nje ya kundi la wanyama na watu: "ki ga aru".

Nasema Kiswahili cha shule kwa sababu maalumu. Mitaani Nairobi tunasema mbwa iko, gari iko. Mwanafunzi akitegemea "iko" hiyo, tofauti yote inapotea. Kwa hiyo dakika kumi za kurudia ngeli si muda uliopotea katika somo la Kijapani.

Lugha hizi huachana kwa samaki, na hapo ndipo ningependa tukae. Kwetu samaki ni mkubwa akiwa ziwani, na bado ni mkubwa akishakaangwa. A-WA haimwachi hata sahanini. Mjapani humtazama kwanza: anayeogelea bwawani ni "sakana ga iru", lakini aliyelazwa juu ya barafu pale City Market ni "sakana ga aru". Kiswahili hushika jina, Kijapani huangalia kama kitu kinajiendesha. Ndiyo maana hata matatu iliyosimama stejini, dereva akiwa ndani tayari kuondoka, Mjapani anaweza kuisemea "iru". Mwanafunzi akiielewa matatu hiyo, ameelewa zaidi ya orodha yoyote ya kukariri.

Kuna mahali Kiswahili hakitusaidii, na tuseme hivyo waziwazi. Tunavaa kofia, shati na viatu kwa kitenzi kimoja. Mjapani ana "kaburu" kwa kichwani, "kiru" kwa kiwiliwili, "haku" kwa miguuni. Hapo ni mazoezi tu.

"Baridi" ni ngumu zaidi. Asubuhi ya Julai huku Upper Hill ni "samui", kwa kuwa mwili wote unaisikia hewa. Soda iliyotoka kwenye friji ni "tsumetai", kwa kuwa mkono umeigusa. Darasani mimi huleta chupa ya soda baridi na kuwaachia waishike kabla sijaandika neno lolote ubaoni. Kisha huuliza: upepo je? Upepo hukubali "tsumetai". Wanafunzi hubishana, mpaka mmoja wao ajiguse shavu.