Chai Bila Sukari

Msikilizaji, kuacha sukari nyeupe nyumbani kwako si kazi kubwa. Kazi iko ugenini. Mwenyeji ameshaikoroga kwenye birika zima, na ukisema hutumii, anakutazama kana kwamba umekataa ukarimu wake: "Una kisukari, mwanangu?"

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari inayoongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati tunayopata kwa siku. Ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi, yaani gramu 25 hivi, vijiko 6 vya chai. Soda moja ya kola ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 35. Hapo bado hujagusa andazi wala kitumbua. Na asali, samahani kwa waipendao, imo kwenye hesabu hiyo hiyo. Juisi pia, hata ya kukamua nyumbani. Tunda zima halimo.

Wiki ya kwanza ndiyo ngumu. Wengine huumwa kichwa, wengine hununa bila sababu, na saa kumi jioni mkono unalitafuta kopo la sukari wenyewe. Kama kuacha ghafla kunakushinda, punguza nusu kijiko kila wiki, tia iliki, mdalasini au tangawizi kwenye chai. Ulimi huzoea, baada ya wiki kadhaa chai yako ya zamani utaiona shira.

Anayetumia dawa za kisukari asibadilishe mlo kabla ya kuonana na daktari, maana sukari mwilini yaweza kushuka kupita kiasi.